Lori Lililolazwa

Kwetu Mbeya ukisema gari la mtu liko juu ya mawe, umemsema mwenyewe. Matairi yameng'olewa, ekseli zimelala juu ya mawe, nyasi zimetoboa sakafu na kuku wamepata pa kutagia. Msemo umetoka gereji ukaingia maishani: duka lililofilisika liko juu ya mawe, na mtu aliyeishiwa naye yuko juu ya mawe. Ndiyo maana nilipofika Nchelenge mwezi Julai, mwaka mmoja baada ya mjomba kuzikwa, nikaliona lori lake limekaa juu ya mawe manne chini ya mwembe, niliona haya kwa ajili yake. Nilidhani naona jinsi mtu hodari alivyoshindwa mwishoni.

Ilichukua miezi mitatu na mikono ya watu wengine kunionyesha nilichokuwa nakitazama. Naandika haya ili nirekebishe nililomdhania marehemu.

Nchelenge iko ufukoni mwa mashariki mwa Ziwa Mweru, katika mkoa wa Luapula, kaskazini mwa Zambia. Ng'ambo ya maji ni Kongo. Mto Luapula huingia ziwani upande wa kusini, na maji hutoka kaskazini kwa jina jingine, Luvua, penye mji wa Pweto. Nchelenge imeungana na Kashikishi kiasi kwamba mgeni hajui mji mmoja unaishia wapi na mwingine unaanzia wapi. Ukiiacha barabara kuu na kushika njia ya mchanga kuelekea mashariki, harufu ya samaki inakuacha taratibu, na mihogo inaanza. Huko ndiko mjomba alikokuwa na shamba.

Kwa Kibemba mjomba ni yama, na hivyo ndivyo nilivyomwita maisha yake yote. Alikuwa dereva. Tarehe 11 Novemba 1965 serikali ya walowezi wa Rhodesia ilipojitangazia uhuru, Zambia, yenyewe ikiwa na mwaka mmoja tu tangu ijitawale, ilijikuta njia yake ya kusini ya kupitishia shaba na mafuta imo mikononi mwa watu isioweza kuwategemea. Mizigo ikageuzwa kuelekea Dar es Salaam, kwa barabara ambayo sehemu kubwa ilikuwa vumbi kiangazi na tope masika. Malori ya Fiat ya Zambia-Tanzania Road Services, kampuni iliyoanzishwa 1966, yalishuka na shaba yakapanda na bidhaa. Bomba la mafuta la TAZAMA lilianza kazi 1968, na reli ya TAZARA ilikabidhiwa rasmi 1976. Kabla ya bomba na kabla ya reli palikuwa na madereva, na wengi walibaki makorongoni. Yama alikuwa mmoja wa waliorudi. Kiswahili alijifunza Iringa na Mbeya, chini ya lori, akisubiri spea. Mbeya ndiko alikompeleka dada yake kumtembelea rafiki yake, fundi wa springi, na mimi nikazaliwa kutokana na safari hiyo.

Lori lenyewe alilinunua kuukuu, baada ya NAMBOARD, shirika la taifa la kununua mazao lililoundwa 1969, kuvunjwa mwaka 1989. Ni Bedford TK, gari la Kiingereza la injini ya diseli, silinda 6. Yama alilipaka rangi ya bluu, lakini ukilitazama kwa upande jua la saa kumi, kivuli cha herufi za zamani bado kinaonekana mlangoni. Kwa zaidi ya miaka 20 lilibeba mihogo, mahindi, matofali, wagonjwa, maiti na waimbaji wa kanisa. Kisha macho ya Yama yakaingia ukungu, akaacha kuendesha. Miaka sita baadaye alifariki.

Sikuja kulifufua. Niliitwa kulirithi, na jambo hilo lina uzito wake.

Huku Luapula ukoo hufuata upande wa mama. Kwa desturi ya zamani mwenye kurithi mali ya mwanamume ni mpwa wake, mtoto wa dada, kabla ya mtoto wake wa kumzaa. Sheria ya nchi inasema vingine: tangu 1989, asiyeacha wosia, mjane wake hupata asilimia 20 ya mali, watoto 50, wazazi 20, na wategemezi wengine 10. Sheria ile ilitungwa kwa sababu wajane walikuwa wakinyang'anywa hata masufuria kabla udongo wa kaburi haujakauka. Wazee wa ukoo waliponiita walikuwa na nia njema. Walitaka mtu wa nje asiye na shamba hapa aamue, kusiwe na ugomvi. Niliamua siku ya pili. Lori ni la mjane, naye ndiye mkulima. Wazee walikubali, mmoja wao akauliza swali ambalo sikuwa nimelifikiria: atafanyia nini mjane chuma kilicho juu ya mawe? Nikajibu kwamba nitakishusha.

Mkaza mjomba wangu namwita Mayo, yaani mama, kama watoto wake wanavyomwita. Ana hekta chache za mihogo. Mhogo mbichi ukishang'olewa hauna subira: siku mbili au tatu, nao umeanza kuoza kwa ndani, mishipa yake ikageuka rangi. Kwa hiyo huku huloweka, humenya, hukausha juani na kupata makopa, ambayo hukaa miezi. Lakini makopa nayo yanataka gunia, na gunia linataka barabara. Asiye na gari humngoja mwenye gari, na mwenye gari huja na bei aliyokuja nayo. Tulikuwa na tarehe moja kichwani. Kila mwaka uvuvi hupigwa marufuku ziwani kuanzia tarehe 1 Desemba hadi mwisho wa Februari, samaki wapate kuzaliana. Miezi hiyo mji mzima huanza kutazama upande wa mashamba.

Kuna simulizi ambayo kila mtoto wa bonde la Luapula huisikia. Nachituti, dada wa chifu Nkuba, aliuliwa mwanawe na kaka yake huyo. Akaenda kwa Mwata Kazembe, mfalme wa Walunda, kuomba alipiziwe kisasi. Nkuba alipouawa, Nachituti alimpa Kazembe kapu la udongo na chungu cha maji, yaani ardhi na ziwa. Wanahistoria wanaitazama kama hati ya utawala, maelezo ya namna Walunda walivyopata mamlaka juu ya wenyeji. Mimi naisikia zaidi kama maelezo ya chakula. Watu wa huku wana kapu na wana chungu, na kimoja kikifungwa hushika kingine.

Fundi tulimpata Mantapala. Ni makazi ya wakimbizi yaliyofunguliwa Januari 2018 ndani ya wilaya hiihii, kwa Wakongo waliokimbia mapigano ya majimbo ya Katanga ya Juu na Tanganyika. Umri wa fundi huyo ni miaka sitini na kitu. Pweto alikuwa akitengeneza malori ya wafanyabiashara wa samaki. Katika vitu vichache alivyochagua kubeba usiku wa kukimbia, kimoja ni bunda la spana limefungwa kwa kitenge. Aliponiambia hivyo sikumuuliza aliacha nini.

Siku ya kwanza hakugusa kitu. Alilizunguka lori mara mbili, mikono nyuma, kama mtu anayekagua ng'ombe mnadani. Alichutama kwenye ekzosi. Mdomo wake ulikuwa umezibwa kwa kopo la maziwa, na ndani ya kopo mlikuwa na kitambaa kilicholowana grisi. Akakiacha. Akafungua kifuniko cha pembeni nyuma ya mlango wa dereva. Bedford TK haina boneti mbele, injini imekaa nyuma ya viti na unaifikia kwa ubavuni. Njia ya kuvutia hewa nayo ilikuwa imezibwa vilevile. Rejeta haikuwa na tone la maji, na koki yake ya chini ilikuwa wazi, imefungwa kwa waya isije ikajifunga.

Mimi wakati huo nilikuwa chini ya gari, nang'oa nyasi na kutoa uchafu. Kando ya gia boksi nikaona kipande cha mti kimekwama, nikakishika nikivute nje pamoja na takataka nyingine. Sijui alinionaje.

"Acha, ndugu yangu! Hiyo mti iko kwa kazi."

Akaja akalala kando yangu. Ilikuwa kabari ya mti mgumu, imechongwa kwa shoka upande mmoja na kulainishwa kwa kisu upande wa pili, imepigiliwa ikausukuma mkono wa klachi na kuushikilia hapo. Diski ya klachi, alinieleza, ikikaa miaka imebanwa katikati ya vyuma viwili, unyevu huingia, kutu hushikanisha, na siku unataka kuondoka gari haliachii gia. Hapa ziwani unyevu haukosekani. Mwenye kulilaza lori hili aliiacha klachi imekanyagwa. Miaka saba mfululizo kabari ile ilikuwa mguu wake.

Fundi alibaki amelala pale akiitazama. Kisha akauliza ni nani aliyekanyaga juu wakati mwenzake anapigilia chini, maana kazi hiyo haifanywi na mtu mmoja.

Nilikuwa nimeuliza habari za lori kwa kila mwanamume aliyemfahamu Yama: wanawe, jirani aliyekuwa utingo wake, mwenye duka la spea Kashikishi. Wote walisema liliharibika akaliacha. Sasa Mayo alikuwa amesimama mlangoni mwa jiko, ungo mkononi, na alisema kwa sauti ya kawaida kabisa:

"Nilikanyaga mimi."

Akaja akaketi juu ya ndoo, akatueleza. Alieleza kwa Kibemba, pole pole, ili nisipitwe. Lori halikuharibika. Yama aliposhindwa kuona barabara, alikataa kuliuza kwa bei ya vyuma chakavu, akasema atalilaza. Kazi ilimchukua wiki nzima na Mayo alikuwa mikono yake na macho yake. Walilipandisha kwa jeki, wakatia mawe, wakavua matairi na kuyaingiza ndani gizani. Walitoa nozo zote 6, na Mayo akamimina oili kwenye kila silinda, nusu kikombe cha chai, Yama akipima kwa kidole. Betri waliiuza. Na kila mwisho wa mwezi, kwa miaka sita, walitoka wote wawili na bomba refu la chuma wakaizungusha injini robo mzunguko, ili pistoni zisilale mahali pamoja. Yama alipofariki Mayo aliendelea peke yake. Mwezi wa tano wa ujane bega lilikataa, akaacha.

"Mbona hukuniambia, Mayo?"

"Hukuniuliza. Uliwauliza wao."

Hakusema kwa hasira. Hakuna mtu aliyekuwa amemuuliza, mimi nikiwa wa kwanza kati ya wasiouliza. Nilikuwa nimetoka Mbeya hadi Nchelenge, nikampa gari lake, nikaona nimemtendea haki, na bado haikunijia kwamba huenda analijua.

Kesho yake fundi alifungua nozo moja baada ya nyingine. Alifunga kitambaa cheupe kwenye ncha ya waya, akakishusha ndani ya silinda, akakipandisha. Kilitoka cheusi, kinang'aa. Oili. Silinda ya 2, oili. Ya 3, oili. Ya 6 ilikuwa na wekundu kidogo wa kutu, akakunja uso, akamimina mafuta mapya na kusema tuiache mpaka Jumatatu. Jumatatu tulitia bomba, tukalemea, injini ikazunguka kwa uzito wa heshima.

"Haiyakufa hii," akasema. "Iko inalala tu."

Nimefikiri sana tangu siku ile juu ya mtu anayetunza kitu asichotarajia kukitumia tena. Mfano mkubwa kuliko wote uko ziwa la jirani. Meli ya Graf von Goetzen ilijengwa Papenburg, Ujerumani, ikafunguliwa vipandevipande, ikasafirishwa hadi Dar es Salaam na kwa reli hadi Kigoma, ikaunganishwa na kuingizwa Ziwa Tanganyika mwaka 1915. Mwaka mmoja baadaye Wajerumani walikuwa wanashindwa vita na wakaamriwa waizamishe isichukuliwe na adui. Mafundi waliotumwa kuizamisha walikuwa walewale waliokuja nayo kuiunganisha. Kabla ya kuizamisha, Julai 1916, karibu na mdomo wa Mto Malagarasi, waliipaka injini grisi nzito kila mahali. Waingereza waliiinua 1924, wakaikuta mitambo yake inafaa, na mwaka 1927 ikaanza tena kazi kwa jina la Liemba. Kwa miaka mingi ndiyo iliyobeba watu na dagaa kati ya Kigoma na Mpulungu, bandari ya Zambia. Mama yangu aliipanda.

Labda mafundi wale walitumaini kurudi. Hawakurudi, na grisi yao ikawafaa watu waliokuwa wakipigana nao, halafu watoto wa watu waliotawaliwa na pande zote mbili. Amri ilisema wazamishe. Haikusema wapake grisi. Walipaka kwa sababu walikuwa mafundi, na fundi hawezi kuiacha injini ikaharibika bure, hata ikiwa inakwenda chini ya maji. Yama hakupata kusikia habari hii, au kama aliisikia hakunisimulia, lakini nusu kikombe cha oili kwa kila silinda ni kazi ya ukoo uleule.

Wiki zilizofuata nilijifunza kwamba lori kuukuu linasomeka. Fundi alikuwa akifungua mahali na kuanza kuzungumza na mtu asiyekuwepo. Huyu aliyekaza hapa alikuwa na haraka, ameponda kichwa cha nati kwa patasi. Huyu aliyefunga waya huu alikuwa mtu wa utaratibu, amekunja ncha zote upande mmoja. Gasketi moja ilikuwa imekatwa kutoka kwenye boksi la biskuti, kwa mkasi, na matundu yake yote yalikuwa mahali pake. Fundi aliigeuza mkononi akasema aliyekata hii alishinda njaa siku hiyo, na hakutaka kuibadilisha ingawa tulikuwa na karatasi mpya ya gasketi. Tuliirudisha. Haijavuja.

Yeye mwenyewe alifanya kazi kana kwamba kuna mtu atafungua nyuma yake. Kila nati aliyoirudisha aliitia grisi kwenye nyuzi. Nilipomuuliza kwa nini anapaka hata zile zisizofunguliwa mara kwa mara, alinijibu kwamba anayekuja kufungua baada yake huenda ni mtoto, tena hana spana nzuri.

Na tulikuwa na lugha. Mimi nasema lori, yeye kamyo. Mimi diseli, yeye mazuti. Mimi injini na spea, yeye motere na pyesi. Wakoloni wangu waliniachia Kiingereza, wake wakamwachia Kifaransa, na vijana wa Mayo waliokuwa wakitushikia tochi walikuwa na motoka yao ya Kibemba. Siku mbili za kwanza tulinyoosheana vidole. Kisha nikagundua kwamba tulikuwa tukitofautiana kwenye majina ya vitu peke yake. Vitendo vilikuwa vyetu sote: kaza, legeza, shika, achia, inua, shusha, sukuma, ngoja. Kazi yote imo katika maneno hayo, na hayakutoka London wala Brussels. Nimesoma mijadala mingi kuhusu kama Kiswahili kinaweza kubeba sayansi na ufundi. Wanaojadili wapelekwe chini ya Bedford wasikilize watu wawili wa nchi mbili wakishusha gia boksi yenye uzito wa kuponda mguu, bila kuumia, kwa amri zisizozidi neno moja.

Si kila kitu Yama alikipatia. Mafuta ya breki aliyaacha ndani ya mfumo, na mafuta hayo hunyonya maji kutoka hewani. Miaka saba ilitosha kuozesha kila silinda ya breki. Raba zilikuwa zimegeuka lami. Hapo ndipo palipokula wakati na fedha zetu. Ilinibidi nipande basi kupitia Mansa hadi daraja la Chembe, lililofunguliwa 2008 mahali ambapo zamani palivukwa kwa pantoni, nikate ncha ile ya Kongo inayoingia ndani ya Zambia, nitokee Mufulira, na kutoka hapo Ndola, kutafuta raba za gari ambalo halitengenezwi tena. Nilizipata dukani kwa mzee aliyezihifadhi kwenye unga wa talki ndani ya mtungi wa kioo. Hakutaka kuniuzia zote. Alisema mwingine atakuja.

Tangi la diseli tulilijaza kokoto na mafuta ya taa, watoto wakalivingirisha uwanjani siku nzima wakiimba, kutu ikatoka. Nyaya zililiwa na panya, tukatandika mpya. Matairi manne kati ya 6 yalipona. Jani moja la springi lilikuwa halipo kabisa, na Mayo akakumbuka kwamba Yama alimpa mhunzi, akampigia majembe mawili. Moja bado linalima.

Injini iliwaka tarehe za mwisho za Septemba, jioni, kwa betri ya kuazima. Kwanza tulitoa upepo kwenye mfumo wa diseli, kulegeza nati ya kila nozo hadi mafuta yatoke bila mapovu. Fundi alimtaka Mayo apande kwenye kiti cha dereva. Alikataa, kisha akapanda, akafunga kitambaa kichwani upya kabla ya kugusa ufunguo. Selfu ilizunguka mara ya kwanza bila kitu, mara ya pili ikakohoa moshi mweupe, mara ya tatu ikashika silinda nne, halafu tano, na tukasubiri, mikono yetu ikiwa imekunjwa bila sisi kujua, mpaka ya 6 ikaingia na sauti ikawa moja. Majirani walikuja. Yule mzee wa ukoo aliyeniuliza swali alikuja pia, akaweka kiganja chake mlangoni juu ya zile herufi za kivuli, akakiacha hapo muda.

Kabla ya hapo, asubuhi, fundi alikuwa ameingia chini ya gari na nyundo. Mayo alikanyaga klachi, kama alivyokanyaga siku ya kulilaza. Kabari ilitoka kwa pigo moja.

Mzigo wa kwanza ulikuwa magunia 40 ya makopa hadi soko la Kashikishi, wiki ya pili ya Oktoba, kijana wa pili wa Mayo akiendesha na fundi kando yake akisikiliza. Mayo alipanga bei mwenyewe. Malipo ya fundi tulikubaliana yawe sehemu ya kila safari kwa msimu wote, na safari nyingine huwa ni kwake Mantapala, mihogo ikienda na maharage yakirudi.

Siku niliyoondoka nilimwomba Mayo anieleze tena hatua zote za kulaza gari, nikaziandika kwenye daftari la shule la mjukuu wake, kwa Kibemba upande mmoja na kwa Kiswahili upande wa pili, pamoja na jambo moja aliloongeza fundi: mwaga mafuta ya breki. Daftari limo kwenye boksi la spana chini ya kiti, limefungwa kwenye mfuko wa plastiki pamoja na ile kabari.

Mawe manne bado yako chini ya mwembe. Vijana walitaka kuyatumia kwenye msingi wa jiko jipya, Mayo akakataa. Anasema ni mawe ya lori.